Haja za Yule Anayemtunza Mzee Msahaulifu

Somo la elimu ya watu wazima lililosomwa katika redio kwa vikundi vya wasikilizaji vya wilaya za Ngara na Biharamulo

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya chakula cha wazee. Leo nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye kwa kawaida hatumtaji kabisa. Ukienda kumjulia hali mzee mgonjwa, utamkuta mtu huyo mlangoni. Atakukaribisha kiti, atakuletea maji ya kunywa, kisha atarudi jikoni. Wageni wote humwuliza mgonjwa, "Waendeleaje?" Yeye hakuna amwulizaye.

Mgonjwa ninayemfikiria leo ni mzee aliyepatwa na maradhi ya usahaulifu, ambayo waganga wa hospitali huyaita demensia. Yafaa kwanza tuelewane maradhi haya ni kitu gani, maana tusipoujua mzigo wenyewe hatuwezi kuujua uzito wake kwa yule anayeubeba.

Kila mtu husahau. Mimi sijafika miaka 40, nami nimepata kutafuta miwani huku nimeivaa. Huo si ugonjwa. Mzee akisahau jina la mgeni, kisha akalikumbuka wageni wakisha ondoka, huo pia si ugonjwa. Lakini mzee aliyelima shamba lile lile miaka 50 akisimama katikati ya migomba yake mwenyewe asijue njia ya kurudi nyumbani, au bibi aliyepika maisha yake yote akiweka sufuria tupu motoni na kuondoka, au baba akimtazama mwanawe wa kumzaa na kumwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Hapo pana jambo jingine. Ubongo wenyewe unaharibika, kidogo kidogo, kwa muda wa miaka.

Mwaka wa 1906 daktari mmoja wa Ujerumani, jina lake Alois Alzheimer, aliwaeleza madaktari wenzake habari za mwanamke aliyemtibu, ambaye alianza kupotewa na kumbukumbu alipokuwa bado na umri wa miaka 50 na kitu. Alipofariki, daktari huyo alichunguza ubongo wake kwa darubini akaona umebadilika. Aina hiyo ya maradhi ikaitwa kwa jina lake, nayo ndiyo inayoonekana zaidi: katika wagonjwa 100 wa usahaulifu, huenda 60 mpaka 70 wana hiyo. Wengine ugonjwa wao hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba, kama vile baada ya kupatwa na kiharusi. Dawa zilizopo hupunguza dalili kwa baadhi ya watu, lakini dawa ya kuyaponya maradhi haya haijapatikana.

Basi si laana, wala si uchawi. Nalisema hili kwa nguvu, kwa sababu sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua mambo yaliyowapata akina bibi. Wako vikongwe waliouawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu ule ulikuwa ni wa moshi wa mafiga waliyopikia miaka yote ili sisi tule. Sasa mfikirie kikongwe mwenye macho mekundu ambaye, kwa sababu ya maradhi, anatembea usiku, anaingia ua wa jirani, anasema peke yake. Jirani asiyejua habari za ugonjwa huu atasema nini asubuhi? Anayemtunza bibi huyo hachungi afya yake tu. Anachunga uhai wake.

Kabla sijaendelea, neno moja la tahadhari. Usahaulifu wa maradhi haya huja polepole. Mzee aliyekuwa na akili zake jana, leo akaanza kupayuka na kutomjua mtu, huyo mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa ugonjwa wa njia ya mkojo, yaweza kuwa kiharusi. Msikae nyumbani mkisema ni uzee.

Je, wagonjwa hawa ni wengi? Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 walikuwa watu milioni 57 ulimwenguni, na zaidi ya nusu walikuwa katika nchi zisizo tajiri. Hapa Tanzania wataalamu walifanya hesabu katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2013. Waliwafuata vijijini wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba katika kila wazee 100 kama hao, sita au saba wana maradhi haya. Hai si Ngara, hilo ni kweli. Hata hivyo chukua hesabu hiyo uipeleke kijijini kwako. Kama kuna wazee 60 waliopita miaka 70, usishangae ukikuta nyumba nne zenye mgonjwa. Na katika kila nyumba mhesabu mtu wa pili.

Mtu huyo wa pili ni nani? Mara nyingi ni mwanamke. Shirika hilo la Afya lasema kwamba katika saa zote ambazo jamaa hutumia kuwatunza wagonjwa wa usahaulifu, 70 katika kila 100 hutolewa na wanawake. Lasema tena kwamba mwaka wa 2019 mtunzaji mmoja alitumia, kwa wastani, saa tano kila siku. Nilipoisoma hesabu hiyo ya saa tano kwa akina mama wa kijiji kimoja wakacheka, si kwa furaha. Huko Marekani, mwaka wa 1981, wataalamu wawili, Nancy Mace na Peter Rabins, walitoa kitabu kwa ajili ya jamaa wa wagonjwa, na jina lake lasema kwamba siku ya mtunzaji ina saa 36. Nadhani hao walikuwa karibu zaidi na kweli.

Katika mkoa wetu wa Kagera kuna jambo la pili. Mwaka wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa hapa Kagera. Miaka iliyofuata tulizika watu wazima wengi, wale ambao leo wangekuwa na umri wa kuwatunza wazazi wao. Wazee waliobaki waliwalea wajukuu. Sasa mambo yamegeuka: bibi aliyemlea mjukuu amesahau jina la mjukuu, na mjukuu huyo ndiye anayemlisha. Kwa hiyo tunaposema "mtunzaji", msifikirie mama wa makamo tu. Pengine ni kijana wa miaka 16 aliyeacha shule. Pengine ni mzee mwenyewe, mume wa miaka 78 anayemtunza mkewe, na hajui hata moto wa kupikia uji huwashwaje.

Walakini kipindi hicho kigumu kilitufundisha kitu. Kagera ilijifunza kuuguza wagonjwa nyumbani, na watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba yao ya dawa na sabuni. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, tangu mwaka wa 2003 kuna shirika liitwalo Kwa Wazee, lililoanza kuwapa wazee wanaolea wajukuu fedha kidogo kila mwezi, na wazee wenyewe wakaungana katika vikundi vya kusaidiana. Kwa hiyo msaada wa aina hii si jambo la Ulaya peke yake. Ni kazi iliyokwisha fanywa na jirani zetu, ingawa kwa shida nyingine.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mtu akitaka kumsaidia mtunzaji, atajuaje haja zake? Wengi watasema, "Si kumwuliza tu?" Mimi pia nilifikiri hivyo, na hapa nitawasimulia kosa langu mwenyewe.

Bibi yangu mzaa baba alikaa Biharamulo, si mbali na barabara kubwa ya malori yaendayo Rusumo. Maradhi yalipomwingia, aliyemtunza alikuwa shangazi yangu, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Mimi nilikuwa nimekwisha pata diploma yangu ya Chuo Kikuu, nina kazi na mshahara, na nilijiona mtu mwema kwa kuwa kila likizo niliwatembelea. Siku moja nilifika na blanketi, sukari kilo tano na mche wa sabuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umefika salama?"

"Salama. Bibi anaendeleaje? Ana haja gani?"

"Hana haja, baba. Anakula."

Nikaridhika. Usiku ule nililala chumba cha pili, na asubuhi nikaona kwamba ncha moja ya kanga ya shangazi imefungwa kifundo katika mkono wa bibi. Nilidhani ni dawa ya kienyeji. Nikakasirika kidogo moyoni, kama tufanyavyo sisi tuliosoma, lakini kwa heshima sikusema kitu. Nikaondoka zangu.

Ndugu wasikilizaji, kanga ile haikuwa dawa. Shangazi aliifunga kila usiku ncha moja kwa bibi na ncha ya pili kwake mwenyewe, ili bibi akiinuka kwenda barabarani naye apate kuamka. Bibi aliinuka mara nne, mara tano. Shangazi hakulala usiku mzima tangu mwaka uliotangulia. Tena alikuwa na shinikizo la damu, nalo lilijulikana, na vidonge alikuwa amepewa. Vidonge vilipokwisha hakurudi kuchukua vingine, kwa sababu kutoka nyumbani mpaka zahanati, kungoja zamu, na kurudi ni kazi ya tangu asubuhi mpaka alasiri, na hapakuwa na mtu wa kukaa na bibi. Miezi michache baadaye alipatwa na kiharusi akapooza upande wa kulia. Nyumba ikawa na wagonjwa wawili.

Nimelifikiria sana jambo hili. Shangazi hakunidanganya. Nilimwuliza bibi ana haja gani, naye akanijibu juu ya bibi. Juu yake mwenyewe sikumwuliza. Wala haja yake haikuwa blanketi. Ilikuwa ni mtu wa kukaa pale asubuhi moja tu kila mwezi.

Tangu hapo nimejitahidi kujifunza namna ya kuuliza, na haya nitakayosema sasa nimeyapata kwa kusoma na kwa kukaa na watunzaji katika vijiji vya wilaya zetu mbili.

Wataalamu wanazo karatasi za maswali kwa kazi hii. Moja ijulikanayo sana ilitungwa Marekani na Steven Zarit na wenzake, ina maswali 22, na kila jibu hupewa alama tangu 0 mpaka 4. Alama zikiwa nyingi, mzigo ni mzito. Ni kifaa kizuri, nami nakiheshimu. Lakini ukikileta Rulenge au Nyakahura kama kilivyo, utaona maswali mengine hayakai. Liko swali linalouliza kama mtunzaji anaona hana faragha ya kutosha kwa sababu ya mgonjwa. Nyumba yenye vyumba viwili na watu tisa, faragha ilikuwapo lini? Afadhali umwulize: "Tangu mwaka uanze, umehudhuria misiba mingapi? Umekwenda gulioni mara ngapi? Kikundi chenu cha kuweka na kukopa, bado wewe ni mwanachama?" Mwanamke ambaye haendi tena msibani, watu wanaanza kumsema, na siku yake ikifika anaogopa nani atakuja kwake. Hiyo kwetu ndiyo nafasi ya swali lile.

Mahali pa kuulizia ni muhimu kuliko karatasi. Usimwulize mkamwana habari za mama mkwe mbele ya mume wake au mashemeji. Atasema "Hatujambo, twashukuru Mungu", na hawezi kusema zaidi, maana kulalamika mbele yao ni kama kuwashitaki. Ukiwa mwanamume, mpeleke mwenzako mwanamke. Mkute anapukuchua maharage, kaa chini, pukuchua naye. Karatasi iache mfukoni. Na kama Kiswahili chake ni cha sokoni tu, zungumza naye Kihangaza au Kishubi au lugha yoyote anayoiotea ndoto, na mkalimani asiwe mtu wa nyumba hiyo.

Usianze na swali pana, "Una shida gani?" Swali pana hupata jibu fupi. Anza na jana. "Nieleze jana, tangu kulipopambazuka." Atakuambia aliamka saa ngapi, alimsafisha mzee, nguo zilikuwa na mkojo, akafua, maji yalikwisha, akafunga mlango kwa nje akakimbia kisimani. Hapo umesikia mambo matatu ambayo hakuyaita shida: hakuna nguo za kubadilisha, maji yako mbali, na mzee anafungiwa ndani peke yake. Usimlaumu kwa kufunga mlango. Mwulize tu, "Ukiwa kisimani, moyo wako unakuwaje?"

Kisha uliza juu ya usiku. Msisahau usiku, ndugu zangu. Wagonjwa wengi wa maradhi haya huchafuka akili jua linapotua, na usiku hugeuka kuwa mchana wao. Mtu anaweza kuvumilia kazi nzito sana kama analala. Asipolala, hata kazi ndogo humvunja.

Baada ya usiku uliza juu ya mwili wake mwenyewe: mgongo, kichwa, vidonge anavyotumia, na mara ya mwisho alipokwenda zahanati kwa ajili yake na si kwa kumpeleka mgonjwa. Halafu uliza juu ya jembe. Msimu wa kupanda maharage uliopita alipanda kiasi gani kuliko miaka ya nyuma? Je, alikuwa akifanya vibarua, na sasa? Watu hufikiri ugonjwa usio na dawa hauna gharama, maana hununui kitu hospitali. Gharama yake iko shambani, katika matuta ambayo hayakulimwa.

Yako mambo ambayo lazima uyauliza kwa upole mwingi. La kwanza ni mila. Baba mkwe akishindwa kuoga, nani atamwogesha? Kwa desturi za wengi wetu mkamwana hata kukaa karibu naye ni mwiko. Nimekuta nyumba ambamo mzee alikaa siku nyingi bila kuogeshwa, si kwa uvivu, bali mwanawe yuko machimboni na mkamwana anaona haya mpaka analia. Haja ya nyumba kama hiyo si sabuni wala mafundisho ya usafi. Ni kupata mwanamume mmoja wa ukoo, au kijana wa jirani, anayekuja mara mbili kwa juma.

La pili ni shamba. Mzee asiyejua tena leo ni siku gani anaweza kuwekeshwa dole gumba katika karatasi. Mtunzaji huyaona hayo, na mara nyingine hunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Yafaa mjue kwamba mapatano ya mtu asiyeelewa anachokifanya hayana nguvu mbele ya sheria. Mtunzaji akikudokezea jambo la namna hiyo, usilipuuze ukasema ulikuja kwa habari za afya tu.

La tatu ni hasira. Mzee anauliza swali lile lile mara 30 kwa saa moja. Anamwita mtunzaji wake mwizi, kwa kuwa amesahau alikoweka fedha. Anatema chakula. Kuna watunzaji waliowahi kuinua mkono, na wengine waliomfunga mzee kwa kamba, na wanabeba aibu hiyo peke yao. Swali langu huwa hivi: "Je, umewahi kukasirika hata ukauogopa mkono wako mwenyewe?" Wengi hunyamaza kwanza. Anayejibu ndiyo, huyo msaada wake usingoje mkutano wa mwezi ujao.

Mara nyingi utaona pia kwamba mtunzaji ana haja ya maarifa, na hii ni haja ambayo twaweza kuitimiza bila shilingi moja. Nitatoa mfano. Maradhi haya huanza kufuta mambo ya karibu, na ya zamani hubaki. Nyote wa Ngara mnakumbuka, au mmesimuliwa, habari za tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu. Mzee aliyekuwapo wakati ule anaweza kuamka leo usiku, akasema watu wanakuja, wapikiwe uji, wafunguliwe zizi walale. Mkamwana anambishia: "Baba, hayo yalikwisha!" Mzee anaona anadanganywa, anapiga kelele, na nyumba nzima haipati usingizi. Kubishana hakusaidii, kwa sababu kiungo cha kupokea hoja ndicho kilichoharibika. Mwambie, "Nimesikia baba. Walikuwa wengi, eti? Njoo ukae nikupe maji, unieleze." Dakika chache baadaye hofu hupita. Sikusema kila mara itafanikiwa. Lakini nimewaona watunzaji waliofundishwa jambo hili moja tu, nao wakaniambia ni kama wamepunguziwa ndoo moja kichwani.

Ukisha sikia yote hayo, kaa na mwenzako mpange. Haja nyingine kijiji kinaweza kuzitimiza kesho. Nyingine ni za zahanati: mtunzaji apimwe shinikizo, mzee achunguzwe kama hana ugonjwa mwingine unaotibika. Nyingine ni za ofisi ya ustawi wa jamii au baraza la wazee la kijiji. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na ilisema wazee wasiojiweza watibiwe bila malipo. Kwa hiyo fuatilieni mzee huyo aandikishwe. Sera hiyo iliweka utunzaji wa mzee mikononi mwa familia kwanza, na ni haki. Ila familia, mara nyingi, maana yake ni mtu mmoja. Mataifa yalipopatana juu ya mpango wa dunia wa maradhi haya mwezi wa Mei 2017, kuwasaidia watunzaji kuliwekwa kuwa sehemu mojawapo kati ya sehemu saba za mpango huo.

Na ziko haja ambazo hakuna atakayezitimiza. Mume anayetamani mkewe amtaje jina mara moja tu kabla ya kufa, nawe utampa nini? Mwandikie haja hiyo pia, na umsikilize. Afisa asiyependa kuandika haja ambayo hana jibu lake, mwisho huandika zile tu alizokuja nazo ndani ya gari.

Juu ya zamu nitasema kwa hesabu. Nyumba sita za jirani zikikubali kutoa asubuhi moja moja katika juma, mtunzaji anapata asubuhi sita: ya kulima, ya kwenda zahanati, ya gulioni, hata ya kulala tu. Kila jirani ametoa moja. Sisi tunavyo vyama vya kuzikana, na mtu akifa twajua nani ataleta kuni, nani maji, nani atachimba. Chama cha kumpa mtu usingizi angali hai sijakiona kingi. Wanaoshika zamu wafundishwe mambo machache: mzee asiachwe karibu na moto, kisima kifunikwe, na kila mtu wa njiani, hasa wauza maduka na vijana wa bodaboda wa pale barabarani, aijue sura ya mzee na nyumba anayotoka, maana mgonjwa wa Lusahunga anayepotea jioni ana malori upande mmoja na pori upande wa pili.

Tena, msiulize mara moja mkaridhika. Maradhi haya hubadilika. Mwanzoni haja ya mtunzaji ni subira na maelezo. Baadaye mzee anapoanza kuzurura, haja ni macho ya kumchunga na usingizi. Mwishoni mzee analala kitandani, hageuki mwenyewe, chakula kinampalia. Hapo haja ni mikono miwili ya kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, na mtu wa kumfundisha mtunzaji kumlisha akiwa ameketishwa. Kila miezi mitatu rudi, pukuchua maharage tena, na uanze upya na jana.

Shangazi yangu yu hai. Anatembea kwa fimbo, na mkono wa kulia haushiki kitu. Bibi tulimzika. Nilipomweleza shangazi kwamba nitatoa somo hili, nilimwomba ruhusa ya kuitaja ile kanga, akacheka, akasema niwaambie kifundo kisikazwe sana, damu isije ikakwama.

Vikundi vya wasikilizaji, kazi yenu ya juma hili ni hii. Katibu aandike majina ya wazee wote wa kitongoji waliopita miaka 70, na mbele ya kila jina aandike nani analala chumba kimoja naye. Chagueni wawili katika kikundi waende kuwatembelea walioandikwa katika safu ya pili. Mtakayoyasikia msiyaseme kilabuni. Yaleteni hapa, bila majina, katika somo lijalo. Kwaherini.